Nyumba ina ufa? Usiniite mimi, ita injinia

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo nizungumze na wenzangu wanaonunua nyumba huku Malindi, na hata wale walio Qatar na Saudia na Ujerumani wanaotuma pesa kwa dada ama mjomba awanunulie. Mie ni fundi muashi, kazi yangu ni mawe na simiti tangu niko kijana, na nasema wazi: mukiona nyumba ina nyufa za kutia shaka musiniite mimi. Iteni injinia.

Manake siku hizi imekuwa mtindo. Mtu ameona nyumba Muyeye ama Casuarina ama huko Ngala, ameipenda, bei imekaa vizuri, halafu jicho likaenda kwa ufa ukutani na roho ikamdunda kidogo, basi anauliza majirani hakuna fundi hapa karibu aje atuangalizie. Naitwa mie ama mwenzangu, twaingia, twagonga ukuta na mpini wa mwiko, twaangalia juu twaangalia chini, na watu wote wametukodolea macho wangoja neno. Na dalali amesimama palepale, tena yeye ndiye aliyelipa bodaboda iliyotuleta. Sasa niambieni, fundi ambaye kesho atataka kazi kwa dalali huyo huyo atasema nini? Atasema hii ni plasta tu, yachongwa na kuzibwa, hakuna neno. Na shida ni kwamba mara nyengine ni kweli ni plasta tu! Kwa hivyo mnunuzi huyu akaambiwa hakuna neno na kweli hakukuwa na neno, na wa pili akaambiwa maneno hayo hayo na mvua ya kwanza mlango wa jikoni ukakataa kufunga.

Mie naweza kukuonyesha ufa. Naweza kukwambia huu umekata jiwe katikati na huu umefuata simiti baina ya mawe, huu ni wa juu juu na huu umetokea upande wa pili wa ukuta. Lakini kwa nini ukuta umepasuka, na kama bado waenda ama umesimama, na kama hapo chini ni mwamba ama ni kifusi, na kama hiyo nyumba itabeba ghorofa unayotaka kuongeza juu, hizo ni hesabu na kuna watu wamezisomea miaka. Daktari wa meno hatibu macho, na mtu hafanyi mzaha na macho yake.

Tuanze na zile zisizo na shida, manake sitaki pia mtu akimbie nyumba nzuri kwa woga. Plasta mpya ikipigwa jua kali ikakauka haraka bila kumwagiwa maji hupasuka nyufa ndogo ndogo kama utando wa buibui, zile hazina uhusiano wowote na msingi. Pia pale ukuta unapokutana na nguzo ya zege ama na linta, ile boriti ya zege juu ya mlango na dirisha, hupatikana ufa mwembamba ulionyooka kwa sababu vitu viwili tofauti havipanuki sawa kwa joto. Wahandisi wa Uingereza wana kipimo chao wanachotumia miaka mingi, na hata hapa mainjinia hukitaja: ufa usiozidi milimita 1 ni mdogo sana, mpaka 5 bado ni mdogo, 5 mpaka 15 ni wa wastani na hapo milango na madirisha huanza kukwama, 15 mpaka 25 ni mbaya, ukipita 25 ni mbaya sana. Kadi ya benki haifiki milimita 1 unene wake, kwa hivyo ikiingia kwenye ufa bila kusukumwa ujue ufa wakaribia ama umepita hiyo milimita 1. Lakini upana peke yake haukwambii kitu! Ufa wa milimita 3 unaokua ni mbaya kuliko wa milimita 6 uliosimama tangu mwenye nyumba akiwa mtoto.

Za kutia wasiwasi ni hizi: ufa unaoshuka ngazi ngazi kufuata maungio ya mawe, hasa kutoka kona ya dirisha ama mlango, ufa ambao upande mmoja ni mpana na mwengine ni mwembamba manake hapo ukuta umeinama, ufa wa kulala ulioenda ukuta mzima, ufa ambao ukipitisha kidole wasikia upande mmoja umetokeza mbele ya mwengine. Na dalili nyengine si nyufa kabisa. Mlango umechongwa chini ama juu ili ufunge, na mbao iliyochongwa haina rangi kama kwengine. Sakafu imeachana na ukuta ukaweza kutia sarafu. Tailisi zimepasuka mstari mmoja kutoka chumba hiki mpaka kile.

Na rangi mpya. Wallahi nyumba ikipakwa rangi mpya upande mmoja tu uliza kwa nini upande huo. Mafundi tunaitwa sana kufanya kazi hizo, chonga ufa, tia waya wa kuku, piga plasta, paka rangi, kesho kutwa mteja waja. Si kosa la jinai kuremba nyumba unayouza, lakini wewe mnunuzi ujue ukuta unaoonyeshwa umetoka saluni.

Halafu huku kwetu pwani kuna ufa mwengine ambao si wa msingi hata kidogo na umejaa tele, hasa nyumba za ufuoni. Mtu amejenga na mchanga wa bahari haukuoshwa, ama maji ya kisima cha chumvi, ama zege limefunika vyuma kidogo sana na upepo wa bahari unapiga usiku na mchana. Chumvi ikifika kwa chuma kinashika kutu, na kutu inachukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, kwa hivyo inasukuma zege kutoka ndani mpaka linapasuka. Huu utaujua kwa sababu wafuata mstari wa chuma, chini ya slabu ama kwenye kona ya nguzo ama bimu, na una doa la rangi ya chai, ukigonga hapo wasikia mvumo kama kuna uwazi. Watu huona huu wakadhani msingi umeshuka, wengine huona msingi umeshuka wakadhani ni kutu tu, na dawa zake hazifanani hata kidogo. Ukiziba ufa wa kutu kwa nje bila kusafisha chuma umefunga ugonjwa ndani.

Nitoe mfano wa nyumba moja, mtaa sitaji wala mwenyewe simtaji. Vyumba vitatu, mabati juu, mwenye kununua yuko Qatar na dada yake ndiye anayezunguka. Ufa ulianzia kona ya chini ya dirisha la jikoni ukashuka ngazi ngazi mpaka ardhini, juu mpana chini mwembamba. Yule dada alikataa kabisa kutoa arbuni mpaka injinia aje, dalali akanuna siku nzima. Injinia akatoka Mombasa, kilomita kama 120, na mie nikaitwa nichimbe tu, kazi yangu siku hiyo ilikuwa sururu na sepetu.

Kwanza hakugusa ufa. Alizunguka nje akitazama maji ya paa yaanguka wapi, shimo la choo liko wapi, mwarobaini uko mbali kiasi gani na ukuta. Akaingia ndani akafungua kila mlango nusu akauachilia, atazame kama wajifunga wenyewe. Kisha akatoa kikadi cha plastiki chenye mistari ya unene tofauti akakiweka juu ya ufa sehemu mbalimbali, akaandika na penseli ukutani kipimo na tarehe. Halafu ukaja mpira mwembamba wa maji, ule tunaotumia hata sisi kusawazisha, mmoja akashika upande wa sebule mwengine upande wa jikoni, maji yakatulia, akapiga alama. Kona ya jikoni ilikuwa chini kwa sentimita 3 na kitu. Kwa macho hungejua manake walikuwa wamemwaga sakafu upya na kuweka tailisi juu.

Ndipo akasema chimba hapa na chimba pale. Kona ya sebule sikufika hata kina cha magoti, sururu ikagonga mwamba wa matumbawe, msingi umekaa juu yake vizuri kabisa. Kona ya jikoni nikachimba kando ya msingi nikapita kina chake na bado natoa mchanga mlaini, makopo, vipande vya chupa, kandambili ya mguu mmoja. Lilikuwa shimo la zamani, yaonekana watu walikata mawe hapo wakaondoka, likajaa taka na mchanga, halafu mtu akaja akamwaga zege juu yake akajenga. Nyumba nusu imesimama juu ya jiwe na nusu juu ya takataka. Jiwe halishuki. Takataka zikilowa masika zashuka, na maji yote ya paa yalikuwa yaangukia kona hiyo hiyo kwa sababu hakukuwa na gata. Ukuta uko katikati, sasa utafanya nini.

Hii ndiyo shida ya ardhi yetu ambayo mtu wa bara haijui. Nairobi wao wanasumbuliwa na ule udongo mweusi unaofura ukinywa maji na kunywea ukikauka, na London hivyo hivyo, kiangazi kikali cha 1976 kilikausha udongo wao wa mfinyanzi nyumba nyingi zikapasuka. Sisi hapa tuna matumbawe, na matumbawe si jiwe moja lililolala sawa, yana mashimo ndani na mabonde yaliyojaa mchanga, na kuna matimbo ya zamani yaliyofukiwa. Hatua chache tu waweza kutoka kwa mwamba ukaingia kwa mchanga wa kina usiojulikana. Fundi akisimama juu ya ardhi hawezi kuona hayo, na mie sijioni duni nikisema sina macho ya kuona chini ya ardhi.

Ripoti ikaja kurasa chache na picha. Ikasema ufa bado waenda, kona ya jikoni lazima iongezewe msingi mpaka ufike kwa mwamba, ichimbwe kipande kwa kipande na si yote mara moja manake ukuta utaanguka, gata ziwekwe, na maji ya choo yaelekezwe mbali. Fundi yeyote, tena mzuri, angetia waya wa kuku akapiga plasta, na ufa ungerudi mvua zikirudi. Nilivyosikia walikaa na muuzaji wakapatana bei nyengine kabisa. Yaani ripoti si lazima ikuvunjie ununuzi, yaweza kukupa nguvu ya kuzungumza bei ukiwa na karatasi mkononi badala ya kulalamika lalamika.

Kuna wakati pia injinia hatakupa jibu siku hiyo, na musimuone hajui kazi. Atasema tungoje. Atagandisha kipande chembamba cha kioo pande mbili za ufa, ukuta ukisogea kioo chapasuka, ama ataacha alama za penseli aje azipime tena baadaye. Kungoja mpaka mvua zipite inauma ukishaipenda nyumba, na dalali atakwambia kuna mtu mwengine ana pesa taslimu kesho asubuhi. Huyo mtu wa pesa taslimu sijui huwa anaishi wapi, kila nyumba ya Malindi anataka kununua yeye.

Sasa pesa. Nashangaa sana hapa. Mtu anaenda kwa ofisi ya ardhi kufanya sachi ya hati, analipa. Analeta serveya atafute bikoni, zile alama za mipaka ya ploti, analipa. Wakili, analipa. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4 ya thamani, nyumba ya milioni 6 ni shilingi 240,000 zinaenda serikalini, analipa bila kuteta manake hana namna. Ukimwambia leta injinia atazame nyumba yenyewe, ile yenye utalala na watoto wako ndani yake, aona ni gharama ya bure, eti fundi yuko. Hati ikiwa safi haizuii ukuta kushuka.

Na wale wa mkopo wa benki nawaona wamejiachilia zaidi, wasema benki ilituma mtu wao akaangalia. Yule ni mthamini! Kazi yake ni kuiambia benki nyumba ina thamani gani ili ijue ikikosa kulipwa itauza kwa bei gani. Hachimbi, hapimi ufa, na ukiisoma ripoti yake vizuri mara nyingi imeandikwa kabisa kwamba hakukagua uimara wa jengo.

Wa kumuita ni injinia wa majengo, si wa barabara wala wa umeme, aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi ya Kenya. Kuna Sheria ya Wahandisi ya 2011, na bodi ina orodha yake, muulize nambari yake ya usajili halafu uhakikishe jina limo na leseni ya mwaka huu anayo. Ujue pia kuna aliyemaliza chuo na bado anafanya kazi chini ya mwengine, na kuna aliyekomaa mwenye ruhusa ya kutia sahihi na muhuri wake, wewe wamtaka huyo wa pili. Asiwe ameletwa na dalali. Asiwe ameletwa na muuzaji. Na asiwe yule yule atakayefanya marekebisho, manake huko Marekani kuna makampuni ya kurekebisha misingi yanayokuja kukagua bure, na wa bure huyo hakosi kuona kazi. Mwambie mapema wataka nini, si "angalia nyumba" tu: nyufa zimesababishwa na nini, bado zaenda ama zimesimama, nini kifanywe na kwa makadirio ya gharama gani, na aandike kwa jina lako wewe mnunuzi. Mashimo ya kuchimba muombe mwenye nyumba ruhusa kwanza, akikataa kabisa usichimbiwe hata shimo moja kando ya msingi basi hilo nalo ni jibu.

Ndugu zangu wa Lamu wanaouza na kununua ndani ya Mji wa Kale nao nisiwasahau, ingawa ule ni uwanja wa peke yake. Kuta zile ni matumbawe na chokaa, nene, juu zimebeba boriti, na mara nyingi ufa ulio karibu na kichwa cha boriti ni mti umeoza ama umeliwa na mchwa ndani ya ukuta, msingi haujafanya kosa. Ukileta injinia anayejua zege tu atakuandikia zege, na simiti juu ya ukuta wa chokaa hufunga unyevu ndani ukuta ukazidi kuharibika. Mji ule uko kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, kwa hivyo marekebisho pia yana ruhusa zake, pitieni kwa watu wa Makumbusho ya Taifa kabla hamjatoa pesa, sio baada.

Kila jengo likiporomoka Nairobi, kama lile la Huruma 2016 lililoua watu karibu 50, wiki moja nchi nzima yazungumza mainjinia na ukaguzi, halafu kimya. Nyumba ya chini ya vyumba vitatu haiendi kwa gazeti. Inapasuka pole pole na mwenyewe anaziba pole pole kila mwaka, pesa za karo zaingia ukutani, na hakuna atakayeandika habari yake.

Mhariri, kwenye ule ukurasa wenu wa biashara munaweka bei za ploti na nyumba, wekeni na haya. Na mawakili mnaoandika makubaliano ya kuuza tunawaomba mtie kipengele kimoja tu, kwamba arbuni, ambayo kawaida ni asilimia 10, irudishwe ikiwa ripoti ya injinia itaonyesha msingi una kasoro kubwa, ama arbuni isitolewe kabisa mpaka ripoti ije. Mawakili wengi wanajua kuandika hicho kipengele, lakini mteja asipouliza hawakitii.

Najua mafundi wenzangu wataniandama kwamba nimewaharibia soko. Sijaharibu kitu. Injinia hashiki sururu, na akishaandika ripoti kazi ya kuchimba, kufunga vyuma na kumwaga zege bado ni yetu, tena yalipa kuliko soda ya dalali. Mie akiniita naja.

Fundi muashi,
Barani, Malindi